Meza Iliyosafishwa Uso

Watu walimwita Flashi. Jina lilimganda tangu enzi za studio yake, alipokuwa akiinua ile taa juu ya vichwa vya maharusi na kuwaonya, "Macho wazi jamani, macho wazi," kisha pwaa! na wote wakafumba. Miaka thelathini na moja alifanya kazi hiyo. Halafu kila mtu akawa na kamera mfukoni, na studio ikafa kile kifo cha polepole: wiki hii mteja mmoja wa pasipoti, wiki ile hakuna, hadi siku aliyoshusha bango na hakuna mpita njia aliyeuliza kulikoni.

Aliyemwokoa ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, seremala mwenye karakana ya vitanda, meza na makabati. "Njoo kwangu, shemeji," alimwambia. "Mimi najua kutengeneza, sijui kuonyesha. Wewe utaonyesha." Akampa kona nyuma ya rundo la mbao, akampakia ukuta mmoja rangi nyeupe, akamwekea kompyuta juu ya kimeza chenye mguu mmoja mfupi. Ndivyo Flashi alivyogeuka mtu wa picha za mtandaoni, umri miaka hamsini na saba, goti la kushoto bovu, na uchovu ambao usingizi ulikuwa umeshindwa kuutoa.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza alipandisha picha kwenye tovuti vilevile zilivyotoka kwenye kamera, kubwa, nzito, kila uzi wa kitambaa cha kochi unahesabika. Akajipongeza. Lakini mteja akifungua ukurasa kwa simu, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka mtu anaamua akaoge kwanza. Mama mmoja akamwandikia: "Mzee, kabati lako limekula bando langu lote na sijaona hata mlango wake." Basi akajifunza kuzipunguza uzito. Akajifunza tena kwamba ule mtandao wa kushea picha huzikata pembeni unavyotaka wenyewe, baada ya watu kuuliza kwa nini vitanda vya karakana hii havina kichwani. Na kuna bwana mmoja aliyefunga safari kuja kuchukua meza ya kulia chakula, akakuta ni ya kuwekea kikombe cha chai, kwa sababu ilipigwa peke yake ukutani na hapakuwa na kitu cha kuilinganisha nacho. Tangu siku hiyo Flashi hakupiga meza bila kiti ubavuni.

Yote hayo alijifunza kwa kuaibika. Jambo moja hakujifunza, kwa sababu alidhani analijua tayari.

Watu wa studio walikuwa na neno lao: kusafisha. Unampiga picha bibi harusi, halafu unakaa na kibrashi chembamba, unamtoa chunusi, unamtoa kovu, unampunguza weusi chini ya macho. Baadaye brashi ikawa kompyuta, lakini mkono ni uleule. Mtu hakuombi. Unamfanyia tu, na akija kuchukua picha anatabasamu bila kujua kwa nini. Basi meza ya kwanza ya shemeji ilipokaa mbele ya ukuta mweupe, na juu yake kukawa na vifundo, yale mabaka meusi ya duara yanayobaki kwenye ubao pale tawi lilipoota, Flashi hakujiuliza. Alivisafisha kimoja kimoja, akaziba na rangi ya mbao ya jirani, kazi safi kabisa. Akafanya hivyo kwa meza ya pili, na ya tatu, na kwa miaka miwili.

Na kwa miaka miwili hakuna aliyegutuka. Wateja waliona picha, wakaja wenyewe, wakapapasa, wakachagua kwa macho yao. Shemeji naye hakuwa mtu wa kutazama. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka na vumbi la mbao kwenye nyufa. Akionyeshwa picha alisema, "Safi, safi, hiyo ni idara yako," huku macho yakiwa kwenye randa.

Sasa, Jumanne moja asubuhi, Flashi alifungua ukurasa akakuta komenti mia nne. Kwa kawaida walikuwa wanapata sita, na mbili kati ya hizo ni za mkewe.

Mama mmoja wa mji wa mbali, wa kwanza kuagiza meza bila kuja kuiona, alikuwa ameweka picha mbili. Ya juu ilikuwa ya Flashi: meza ndefu, nyororo, rangi moja toka mwanzo hadi mwisho. Ya chini aliipiga mwenyewe sebuleni kwake: meza ileile, na katikati yake vifundo vitatu vyeusi. Maneno yalikuwa machache. "Juu, nilichoonyeshwa. Chini, nilicholetewa. Ndugu zangu, msiibiwe kama mimi."

Watu walikuwa wameishea kama wamelipwa. Mmoja aliandika: "Meza imeota ndui, iwahishwe hospitali." Mwingine: "Ipakeni dawa ya chunusi itapona." Wa tatu: "Seremala huyu hata jeneza lako atakuonyesha la mwenzio."

Shemeji alisikia vicheko vya mafundi waliokuwa wamekusanyika kwenye simu moja, akaja, akasomewa. Mishipa ikamsimama shingoni.

"Soma tena hiyo ya wizi."

Flashi akasoma tena.

"Mwongo huyo! Meza yangu niliipakia mwenyewe kwenye gari, nikaifunga blanketi kama mtoto. Hii ya chini ameitoa wapi?" Hakuwa amevaa miwani, wala hakuinama kutazama vizuri. Hasira ilimtosha. "Kaa hapo, shemeji. Andika. Sisi hatujawahi kutengeneza meza hiyo. Andika, huyu mama ni tapeli, ameokota meza jalalani anataka arudishiwe pesa zake abaki na yetu. Andika!"

Flashi akaandika, "Sisi." Vidole vikagoma hapo.

"Mbona huandiki?"

"Miwani."

"Miwani iko puani, shemeji."

Flashi aliigusa, akaikuta kweli iko puani. Alijua. Tangu alipoona picha ya chini alijua, maana vile vifundo vitatu alivikumbuka kimoja kimoja, hasa cha kati, ambacho kilimsumbua nusu ya asubuhi kwa sababu kilikuwa na kidoa chekundu ndani.

"Niache nikale kwanza," alisema. "Nikijibu na njaa nitaharibu."

"Saa moja," shemeji akasema. "Kila dakika watu kumi wananiita mwizi. Jina hili nimelijenga tangu ndevu hazijaota. Saa moja, shemeji."

Kutoka karakana hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Flashi alitumia dakika ishirini. Alimkuta mkewe kibarazani anachambua mchele, simu imeegemezwa kwenye ungo.

"Nimetumiwa na watu saba," mkewe alisema kabla hajaketi. "Hata yule mwenye duka ambaye hatusemeshani naye, leo kanisemesha. Mdogo wangu anasemaje?"

"Anataka nimwite mama wa watu tapeli."

"Na wewe?"

Flashi alivua viatu. Alichukua muda mrefu kwenye kamba za kiatu kimoja.

"Umeisafisha ile meza," mkewe akasema.

"Mkono umezoea, mama."

Mkewe akaendelea kuchambua, akatoa vijiwe viwili, akavitupa uani. "Picha yetu ya harusi unaikumbuka?"

"Ile ambayo fremu ilivunjika?"

"Fremu haikuvunjika. Mimi niliificha sandukuni." Aliligusa kovu lake juu ya nyusi, lililokuwa limefifia na kujikunja kwa miaka. "Hili nililipata nikimkimbiza mdogo wangu huyohuyo, nikaangukia jembe. Ukaniletea picha, kovu halipo. Watu wote wakasema nimependeza. Mimi kila nikiitazama nikawa naona umeoa mwanamke mwingine, mimi nimesimama nje ya mlango."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unasifiwa."

Flashi alichoka ghafla, uchovu wa mwilini mote, hata masikio yalichoka.

"Nikimwambia atanifukuza," alisema mwishowe. "Sina pa kwenda tena. Umri huu nani atanipa kona?"

"Atakufukuza, ndiyo. Namjua, hasira zake za baba. Utakuja kukaa hapa, tutachambua mchele wote wawili, na macho yako hayo tutakula mawe." Alicheka kidogo, peke yake. Kisha akaacha. "Lakini yule mama huko aliko anaitwa mwongo, na yeye ndiye pekee aliyesema kweli leo. Haya, kula."

Flashi alikula vijiko vitatu, akafunika sahani, akavaa viatu.

Aliporudi hakumwita shemeji. Alikaa kwanza, akafungua jalada la picha za asili. Mtu wa studio hatupi negativu, ule ukanda wa filamu wenye picha ya asili. Flashi pia hakuwahi kufuta picha yoyote ya kabla ya kusafisha. Aliitafuta ile ya meza, akaiweka upande wa kushoto wa kioo, na ile iliyosafishwa kulia. Akasimama.

"Shemeji. Njoo. Vaa miwani yangu ya akiba."

Shemeji alikuja akifuta mikono kwenye suruali. "Umeandika?"

"Vaa kwanza."

Akavaa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kushoto. Akasogeza uso mpaka pumzi ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Hii ni meza yangu," alisema, kidole kushoto. "Hii nyingine ya nani?"

"Yako. Hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye ukurasa. Vifundo nilivitoa mimi. Mama wa watu hajadanganya."

"Ulivitoa kwa nini?"

"Niliona ni kasoro. Nilidhani nakusaidia."

Shemeji alikaa juu ya rundo la mbao. Flashi alingojea matusi, tena alishajiandaa nayo njia nzima. Hayakuja. Kilichokuja ni sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu yule.

"Kasoro. Shemeji, unajua nilizunguka maghala mangapi kuupata ubao ule? Vifundo vitatu, mstari mmoja, umbali uleule, kama vifungo vya koti. Nikaugeuza na kuugeuza ili viangukie katikati. Fundi yeyote akiingia nyumba yenye meza ile anajua, huyu hakuokoteza. Pale ndipo nilipotia sahihi yangu. Wewe ukafuta."

"Sikujua."

"Miaka miwili. Hatua kumi kutoka benchi langu. Hukuuliza hata siku moja."

"Na wewe hukutazama picha hata moja," Flashi alisema. Ilimtoka tu, hakuikusudia, na baada ya kumtoka alitamani aimeze.

Mafundi walikuwa wanajifanya wanatafuta misumari.

"Zote?" shemeji akauliza. "Zote mia ngapi sijui zilizoko humo?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Zenye vifundo nilizisafisha zote."

Shemeji alivua miwani, akaikunja taratibu. "Andika ukweli. Ukimaliza uje kwenye pikapu."

Flashi akaifuta ile "Sisi" iliyokuwa inamngoja, akaandika: "Mama, meza uliyopokea ni yetu, na ndivyo ilivyo. Picha ndiyo haikuwa ya kweli. Aliyeichezea ni mimi mpiga picha, fundi hakujua. Tunakuja leo." Akaambatanisha picha ya asili, akaipunguza uzito ifunguke haraka hata kwenye simu mbovu, akabonyeza.

Njia ilikuwa ya saa mbili. Mara moja tu, kwenye kizuizi cha barabara, shemeji alisema, "Funga dirisha, vumbi," na Flashi akafunga.

Yule mama aliwafungulia mlango yeye mwenyewe. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwembamba, mgongo umenyooka, uso wa mtu aliyezoea kupokea wagonjwa wasiosema kweli. Sebule ilikuwa na makochi mawili yasiyofanana, kabati lililobandikwa mkanda kwenye kioo, na meza ile katikati, bado inang'aa vanishi. Hakuwa ameweka kitu juu yake, hata kitambaa.

"Nani kati yenu ni mpiga picha?"

"Mimi, mama."

"Nimesoma ulichoandika. Karibuni mkae. Sio mezani."

Wakakaa.

"Niwaambie kitu," alisema. "Maisha yangu yote nimetumia vitu vya watu. Kochi hili la dada yangu, lile la aliyehama. Kabati nililirithi kwa mgonjwa. Nikasema nikistaafu, nitanunua kitu kimoja kipya, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitumia. Nilitazama picha yako siku kumi na saba. Nikija kulala naitazama. Wakaja kuifungua blanketi, nikaona mabaka. Nikajua, hapo hapo nikajua, wameniletea ya mtu. Wamesema huyu yuko mbali, hatafanya kitu."

Shemeji akasogea mbele ya kiti. "Mama, ni mpya. Naapa. Yale si madoa. Ni pale tawi liliposhika mti. Weka mkono."

Mama aliweka mkono. Alivipapasa vile vifundo vitatu, kimoja baada ya kingine, kama anavyotafuta mshipa wa mgonjwa. Uso wake ulilegea kidogo.

"Ni laini," alisema.

"Nilipiga msasa siku mbili."

"Ungenionyesha hivi tangu mwanzo, na maneno hayo ya tawi ukayaandika chini ya picha, pengine ningeichagua hii niache zote." Akaondoa mkono. "Lakini sasa siwezi, baba. Kila nikiitazama nitakumbuka zile siku tatu nilizokaa hapa nikiwaza nimeonekana mjinga. Ichukueni. Nitengenezee isiyo na kitu."

"Nitakutengenezea," shemeji akasema. "Utaniambia siku, na huyu atakupigia picha mbao kabla sijazikata. Zote, pande zote mbili."

Mama akamgeukia Flashi. "Na nilichoandika mtandaoni sikifuti. Nilisema kweli."

"Usifute, mama."

"Nitaongeza chini kwamba mmekuja."

"Hiyo inatosha."

"Sijui kama inatosha. Ila nitaongeza." Kisha, kwa sauti ya wodini, "Hilo goti unalivuta tangu lini? Usinyanyue meza wewe. Simama pale."

Kwa hiyo shemeji na jirani mmoja ndio walioibeba meza, na Flashi akasimama pale alipoambiwa, ameshika blanketi.

Watu wa mtandaoni hawakuwa na huruma kubwa. Wengine walisifu, wengine walisema ni janja ya biashara, na wawili waliokuwa wameagiza makabati wakaghairi siku hiyohiyo. Yule mwenye duka wa karibu na nyumbani alirudi kutowasemesha Flashi na mkewe.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Flashi alikuwa kwenye kona yake. Hakuna aliyemwambia aje, na hakuna aliyemwambia asije. Alifungua picha ya kwanza kati ya zile mia tatu na kumi na mbili, akaiondoa kwenye ukurasa, akaweka ya asili, akaipima isikatwe kichwa, akaandika chini yake, kwa maneno ya kawaida, ubao una nini na wapi. Halafu ya pili. Mgongo ulianza kumuuma kwenye ya tisa.

Kwenye ya kumi na nne alisikia kigoda kinaburutwa nyuma yake. Shemeji alikaa, akachukua ile miwani ya akiba mezani bila kuomba, akavaa.

"Hasira yangu haijaisha," alisema.

"Najua."

"Ikiisha nitakuambia."

"Sawa, shemeji."

Kwenye kioo kulikuwa na kitanda kipana, ubao wa kichwani una kifundo kimoja kikubwa pembeni, na mistari ya mbao inakizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Shemeji alikitazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekutana barabarani na mtoto aliyemlea zamani akamkuta amekuwa mtu mzima.

"Hiki kilinunuliwa na nani?"

"Wale waliooana mwaka juzi. Bwana harusi mrefu."

"Ubao huu ulinikata kidole." Akajitazama mkono, kisha akarudi kwenye kioo. "Hapo chini umeandika 'kifundo kimoja pembeni'. Andika kulia. Mtu asije akadhani ni kushoto."

Flashi akaandika kulia.

"Haya," shemeji akasema, akivuta kigoda karibu zaidi. "Inayofuata."